Mapera si neno la kuonea haya

Jumapili nilienda soko la Kibuye, Kisumu, na mtoto wa dada yangu, ako gredi ya nne, tukapita kwa mama mmoja ametandika gunia chini na mapera yamepangwa mafungu mafungu, yale yameiva mpaka harufu inakupata kabla hujayaona. Nikamwambia chagua fungu moja. Akaniambia, "Anko, si hizi zinaitwa guava? Tuliambiwa mapera ni lugha ya nyumbani." Mama akachukua moja akapasua na kisu, ndani pinki kabisa, akampatia, "Nyathina (mtoto wangu, kwa Dholuo), kula kwanza." Akala, lakini mimi hiyo "lugha ya nyumbani" ilinikaa rohoni, juu hata mimi nikiwa mdogo huko Butere niliambiwa hivo hivo na nikaamini, nikawa naona haya kusema mapera mbele ya wageni.

Na mapera imetembea sana jamani. Mti wenyewe si wa huku, kwao ni Amerika ya kitropiki. Wareno walifika Mombasa na Malindi 1498, wakashikilia pwani yetu mpaka Fort Jesus ilipowatoka 1698, na ndio walituachia meza, bendera, mvinyo na gereza. Kwao Ureno, pera ni lile tunda la Ulaya ambalo Kiswahili kinaita peasi. Tunda letu wao huliita goiaba, lakini upande huu wa Bahari ya Hindi lililoshika ni pera, na sio kwetu peke yetu, hata India Wamarathi wanasema peru. Alafu kitu inanifurahisha zaidi ni hii, Wahindi wanaosema Kihindi hawakuchukua la Wareno, wanaliita amrud, na amrud ni Kiajemi, na kwa Kiajemi maana yake ilikuwa... peasi! Yaani watu wawili tofauti, lugha mbili hazijuani, wanaangalia tunda moja wanasema hii inafanana na peasi.

Shika moja la zile ndefu uangalie vizuri. Upande wa kikonyo limebana kama shingo, linashuka likipanuka, alafu huko chini kabisa kuna kile kitaji kikavu cha ua. Hata Linnaeus, yule Mswidi aliyeupa mti jina la kisayansi Psidium guajava 1753, baadaye aliandika aina moja kama pyriferum, yaani yenye kuzaa mapeasi. Kwa hivyo jina letu halikukosea chochote.

Na hiyo guava tunayoambiwa ndio ya maana? Waingereza hawakuitunga. Waliitoa kwa Wahispania, guayaba, na Wahispania waliikuta kwa wenyeji wa visiwa vya Karibiani waliokuwa wakiongea lugha za Kiarawak. Hiyo pia ni lugha ya nyumbani, tofauti ni nyumba ya nani tu.

Huku bara neno lilipanda kutoka pwani likifuata tunda. Kwa Kiswahili liko sawa kabisa, mti ni mpera, tunda pera, mengi mapera. Lakini Waluo walilichukua zima zima na ma- yake, kwao ni mapera liwe moja au liwe gunia, juu Dholuo haina hiyo mambo ya ma- ya wingi. Sisi Waluhya tunaongeza yetu mbele, amapera. Wakikuyu wanasema mabera. Ukivuka Busia kwa Waganda ni mapeera, na huko kuna kisa kizuri, padri Mfaransa Siméon Lourdel alifika Buganda 1879, watu wakasikia akiitwa "mon père", yaani baba yangu, wakamuita Mapeera, na mpaka leo Kampala wanamkumbuka kwa jina hilo. Ni sauti tu zimekutana, padri na tunda hawana undugu, lakini mimi nikilisikia huwa naona ule mti wa kukhu, nyanya yangu, nyuma ya jikoni, gome lake laini linabambuka vipande vipande, na yeye anachuma majani machanga ya kuchemsha mtu akiumwa na tumbo. Hakuupanda yeye, alisema ulijiotea tu, ndege walileta mbegu.

Jioni mtoto akaniuliza, sasa likiwa moja linaitwaje kwa Kiswahili. Nikamwambia pera. Akajaribu, "pera, pera," akatingisha kichwa, akasema hilo ni fupi sana, yeye atabaki na mapera. Nikamwachia, juu hata yule mama wa Kibuye alipomuongezea moja la juu alisema, "Chukua mapera moja ya kula njiani."