Ndiyo, nakamua ng'ombe Finland, na sioni aibu

Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa huku kaniandikia wiki hii, nimetoka tu kutuma picha ya banda, eti "umevuka maji yote hayo kwenda kuchunga ng'ombe, si ungebaki tu kwenu Machame". Wakafuata wengine na vicheko. Kule nimenyamaza maana ningeandika matusi, acha niseme huku kwa kirefu.

Naishi kijijini mkoa wa Pohjois-Pohjanmaa, kusini ya mji wa Oulu, na kazi yangu inaitwa lomittaja. Mfugaji wa ng'ombe huku kisheria ana likizo ya siku 26 kwa mwaka, na akienda likizo au akiumwa analetewa mtu wa kushika mifugo yake. Mtu huyo ndio mimi. Nakabidhiwa ng'ombe sitini, mitambo ya kukamulia, tangi la maziwa, ufunguo wa trekta, mwenye mali anapanda gari na mkewe wanaondoka. Sisi tuliozaliwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga kule Kilimanjaro, tunajua baba zetu walivyokuwa na homa na bado saa kumi na moja alfajiri wameshatoka na mundu kwenda kukata majani, kwa sababu ng'ombe hajui mtu anaumwa. Mzee wangu hajawahi kupumzika siku moja hadi mgongo ukamkatalia. Kwa hiyo anayeniambia kazi hii ni ya kucheka namshangaa sana.

Halafu kuna hili la kusema wazungu wa huku wana roho za barafu. Wanaosema hivyo wanakaa kwenye maghorofa Helsinki. Njooni kijijini mwezi wa sita.

Mwezi wa sita ndio ukataji wa kwanza wa nyasi. Nyasi zikikatwa zinaachwa shambani zinyauke kidogo, halafu mashine inazikunja kuwa marobota makubwa ya mviringo na kuyazungushia plastiki nyeupe hewa isiingie, zinachachuka humohumo ndani, na hicho ndicho chakula cha ng'ombe msimu wote wa baridi. Ukichelewa siku chache nyasi zinakuwa vijiti na maziwa yanashuka, mvua ikizikuta zimelala chini nazo zinaharibika. Kwetu wakati wa ukame tunateremka tambarare na lori la Canter kufuata mabua ya mahindi, hangaiko ni lilelile, ila kwetu ukikosa leo unatafuta kesho, huku ukikosa hizi wiki mbili tatu umekosa.

Sasa mwaka jana nilikuwa zamu kwa mzee mmoja aliyefanyiwa operesheni ya goti. Nyasi zimeshakatwa zimelala, utabiri unasema mvua alfajiri, na jioni mashine ya kukunjia marobota ikavunjika beringi. Fundi anasema kesho. Mke wa mzee akapiga simu moja tu, hata dakika haikufika. Baada ya nusu saa namuona jirani wa ng'ambo ya barabara anaingia na trekta lake na mashine yake, mtu ambaye tangu nihamie pale salamu yake ilikuwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani, basi. Nyuma yake mtoto wake wa miaka 15 na trekta jingine (huku kwa miaka 15 unapata leseni ya trekta), halafu bibi mmoja wa nyumba ya kona na chupa mbili za kahawa na mikate ya iliki. Bibi akatusimamisha wote, kahawa kwanza, ndio tukaanza.

Tulifanya kazi hadi saa saba na kitu usiku. Usiku wenyewe jina tu, jua linazama kama saa sita, saa nane na dakika kidogo limeshachomoza tena, tunaonana sura vizuri kabisa, mbu wametujaa shingoni. Robota la mwisho lilipodondoka matone yalikuwa yameanza. Hakuna aliyetaja hela. Asubuhi nikamuuliza mama mwenye shamba tumlipe euro ngapi yule jirani, akaniangalia kama nimemtukana, akasema mwezi wa nane tutaenda kwake kwenye shayiri. Na tulienda kweli.

Tangu siku hiyo jirani akiniona anasimamisha gari. Jumamosi ananiita sauna, na kwa mnaokuja huku jiandaeni, mnaingia uchi wanaume wote, baba, watoto na babu, hakuna anayekuangalia na ukikataa kila mara utabaki mgeni. Juhannus, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, wanafungia matawi ya mibetula mlangoni, viazi vipya vidogo kwa siagi na samaki wa chumvi, halafu kijiji kizima ziwani kwenye moto mkubwa. Ukumbi wa kijiji walipaka rangi wenyewe, kila mtu kaja na brashi yake, hakuna mwenyekiti wa kamati wala kadi ya mchango. Na sisi kwetu tulikuwa nao msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mifereji, siku hizi bila posho mtu hatoki. Inaniuma sana hiyo.

Nisiwadanganye, kijiji kinapungua. Shule imefungwa, mimi mwenyewe napanga kwenye nyumba ya zamani ya mwalimu, na duka ni mwendo wa gari. Finland ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995 mashamba ya maziwa yalizidi 30,000, leo hayafiki 5,000. Waliobaki wamebaki kwa sababu wana ushirika unaofanya kazi, Valio, kampuni ya maziwa, ni mali ya wafugaji wenyewe tangu 1905. KNCU, ushirika wetu wa kahawa Kilimanjaro wa 1933, mnajua ulivyodhoofika.

Mnaotaka kuja, msimpe ajenti hela kwa ajili ya "kazi ya kuchuma matunda Ulaya". Kibali cha msimu hakizidi miezi 9, stroberi malipo mara nyingi ni kwa kilo, na Wathailand waliokuja kuchuma beri za porini wengi walirudi na madeni, kesi zimefika mahakamani. Njia yangu ilikuwa chuo cha kilimo, na kabla ya chuo, Kifini. Bila lugha hakuna atakayekuachia ng'ombe wake.

Jumanne kama mvua haitanyesha tunaanza kukata. Jirani ameshaniuliza kama nina nafasi jioni, nimemwambia nikimaliza kukamua naja.