Kwa SGR hadi Dodoma, na habari za bingwa wa barafu mwenye damu yetu

Baada ya Kilosa treni huanza kupenya mahandaki: giza, mwanga, giza tena, kisha milima inabaki nyuma na nchi ya Wagogo inatandaa mbele yako. Mibuyu, majabali yaliyopandana, mbuzi waliojibanza kwenye kivuli cha mgunga. Tangu SGR, reli yetu ya kisasa, izinduliwe rasmi hadi Dodoma, Agosti 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam iliyokuwa ikila siku kwa basi sasa haikushindii njiani. Kiyoyozi tu ndicho kikali. Nilijifunga kanga mabegani nikaendelea kuangalia video zangu kwenye simu.

Mzee aliyekaa ubavuni mwangu alivumilia hadi akashindwa. "Mwanangu, samahani. Huyu kijana anayemrusha mwenzake kwenye barafu, mbona kama wa kwetu?"

"Ni wa kwetu kwa upande wa baba, mzee wangu."

Hapo alikuwa amenigusa penyewe. Nilimweleza kwamba anaitwa Robin Szolkowy, alizaliwa mwaka 1979 Greifswald, Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Mama Mjerumani, muuguzi, baba daktari kutoka Tanzania. Mchezo wake ni kuteleza kwenye barafu kwa jozi, mwanamume na mwanamke, na amekuwa bingwa wa dunia mara tano: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Juu ya hayo ana medali mbili za shaba za Olimpiki, Vancouver 2010 na Sochi 2014. Mzee akashika tama. Medali za Olimpiki alizozijua ni zile za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Hii habari ya barafu ilikuwa ngeni kwake. Mimi jambo hili linaniuma kweli. Vijana wetu wanakariri majina ya washambuliaji wa Ulaya kuanzia wa kwanza hadi wa akiba, na huyu hawajamsikia.

Ila katika jozi huwezi kumsifu mmoja ukamwacha mwenzake. Mwenzake Robin, Aljona Savchenko, ni mzaliwa wa Ukraine. Alishacheza Olimpiki ya 2002 kwa bendera ya kwao na mwenza mwingine, kisha akabaki bila wa kuteleza naye. Mwaka 2003, akiwa na miaka 19, akahamia Chemnitz, Ujerumani, kuanza na Robin chini ya kocha Ingo Steuer. Ikabidi asubiri uraia wa Ujerumani, kwa sababu Olimpiki haipokei jozi yenye uraia wa nchi mbili. Aliupata muda mfupi kabla ya Torino 2006, na huko wakamaliza wa sita. Walidumu pamoja miaka 11. Hebu fikiria kumwamini mtu mmoja akunyanyue juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, asubuhi hadi jioni, kwa miaka 11.

Nilimwonyesha mzee mashindano ya ubingwa wa dunia ya Nice, Ufaransa, 2012: jumla ya alama zaidi ya 200, na waliwapita Warusi, Volosozhar na Trankov, kwa alama 0.11 tu. Kisha nikamwonyesha Sochi, ingawa mimi mwenyewe huitazama kwa shida. Kwenye mruko wa kurushwa, mwanamume humshika mwenzake kiunoni wakiwa kasini, akamtupa hewani; kuanzia hapo mwanamke yuko peke yake. Anazunguka, anatua kwa mguu mmoja huku akirudi kinyumenyume, juu ya bapa la chuma lenye unene wa milimita kama nne. Aina ya mruko huo iitwayo akseli, wanayoijaribu wachache, ina mizunguko mitatu na nusu, nao waliiweka mwisho wa programu, yaani onyesho lao, miguu ikiwa imekwisha. Aljona akaanguka. Wakaondoka na shaba. Mwezi uliofuata, huko Saitama, Japani, katika shindano lao la mwisho wakiwa jozi, wakautwaa ubingwa wa dunia wa tano.

"Huyo binti ana roho ngumu," mzee alisema. Nikamwambia hajasikia bado. Robin alipoingia kwenye ukocha, Aljona alianza upya na Bruno Massot, mzaliwa wa Ufaransa. Pyeongchang 2018 walikuwa wa nne baada ya programu fupi, sehemu ya kwanza ya shindano, wakapata alama 159.31 kwenye programu ndefu na kubeba dhahabu. Ilikuwa Olimpiki yake ya tano, akiwa na miaka 34.

Dodoma upepo ulitupokea na vumbi lake. Nilinunua zabibu, nikachukua bajaji hadi Nkuhungu kwa kaka yangu. Wifi akanipokea kwa "Mbukwenyi!" na sahani ya ugali wa uwele na mlenda. Sikukaa sana, nilichokifuata kilikuwa uwanja wa kikapu wa jirani.

Mtoto wa kaka yangu na binti wa nyumba ya pili wanateleza kwa viatu vya matairi kwenye zege lile lenye nyufa. Magoti ya binti yamefungwa vipande vya godoro kuukuu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Matairi ya kijana yameliwa upande mmoja, kwa sababu hukata kona kushoto tu, nikamwambia ajizoeze na kulia. Mama wa binti huketi pembeni akichambua mchicha. Hajawahi kuwaacha peke yao, na mimi namuunga mkono kabisa. Wanashikana viganja, wanaongeza kasi, kisha kijana anakaa chini kama mhimili na kumzungusha mwenzake aliyeinama nyuma hadi nywele zikikaribia sakafu. Ule ni mzunguko wa mauti, wameuchukua kwenye video nilizowatumia.

"Shangazi, kurushwa je?" binti akauliza.

"Kwenye zege, hapana," nikamjibu. Akakubali kwa shingo upande.

Dodoma hakuna kiwanja cha barafu. Nairobi kipo, hoteli ya Panari, kilichofunguliwa 2005. Usiku ule mimi, kaka na mama wa binti tulipiga hesabu: lami ya Kondoa na Babati imekamilika, tunapita Arusha, tunavuka Namanga. Kwanza nipige simu nijue kama kiko wazi na viatu wanakodisha kwa bei gani. Pia watoto wanahitaji hati za kusafiria, na ya binti baba yake ameahidi kuishughulikia wiki hii.