Treni yangu haijawahi kutembea

Leo nimefungua kabati la vioo nifute vumbi. Mpwa wangu akasogea, akasimama kimya kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, hii inatembea?"

Haitembei. Haijawahi kutembea hata siku moja.

Kwa wasiojua, mimi hukusanya treni za mfano, ila siziendeshi. Sina reli wala umeme wa kuzisukuma. Nazipanga tu kabatini, mbali na dirisha, maana jua hupausha rangi.

Aliyoinyooshea kidole ni Mallard, kichwa cha treni cha Uingereza kilichofikia karibu kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Hadi leo hiyo ndiyo rekodi ya treni za mvuke. Hii yangu ni ya kipimo cha 1 kwa 76, yaani ile halisi ni ndefu mara 76 kuliko hii; ni ya buluu, magurudumu mekundu.

Nikampa kioo cha kukuzia.

Akakaza jicho kwenye kibanda cha dereva. Mle ndani mna vishikio na geji ndogo kama kichwa cha pini, zote zimepakwa rangi. Akashusha pumzi: "Kumbe ndani kuna vitu vyote hivi!"

Moyo wangu ukajaa. Ingekuwa inakimbia relini, nani angeviona?

Nimemwachia brashi laini amalizie mabehewa. Mpaka naandika hapa bado yuko pale, ulimi nje, anafuta taratibu.

Wenzangu mnaokusanya vitu, ni kipi mnachotamani mgeni akiinamie akitazame vizuri? Wekeni picha hapa chini, nami nivione.