Sululu nilimkuta mlimani

Kwetu Tanga kuna sululu wa aina mbili: sululu ya kuchimbia mtaro na sululu ndege, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, anayedonoa matopeni kando ya mikoko bahari ikipwa. Ukiuona mdomo wake huulizi kwa nini wanaitwa jina moja. Nimemjua tangu utotoni, tukienda kuokota kombe. Sikutegemea kumkuta Uingereza, tena mlimani, raba zangu zimejaa maji.

Tulikuwa wanne, wote wakazi wa Manchester: mimi, dada mmoja wa Mombasa, Yaya wa Bukavu (sote twamwita Yaya, katuzidi umri), na mzee wa Kiingereza aliyestaafu kazini kwetu. Yeye ndiye mpenda ndege. Jumamosi moja ya Mei tukapanda treni hadi New Mills, basi hadi Hayfield, kisha miguu.

Pale unapoanzia kupanda, Bowden Bridge, kuna kibao. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani, waliingia mlima wa Kinder Scout bila ruhusa, kwa kuwa matajiri waliufunga wapate kuwinda ndege. Baadhi walifungwa jela. Dada alisoma mpaka mwisho, akaguna, "Kumbe na wao walipigania ardhi."

Saa nzima ya kwanza hatukuona kitu. Yaya anasimulia, sisi twacheka, na mimi nimevaa koti la kazini la njano linalong'aa. Tulipofika juu ya bwawa la Kinder mzee akatukalisha: dakika kumi, bila neno. Koti nikaligeuza ndani nje. Dakika ya sita hivi, kando ya maji, jiwe moja likatikisa mkia. Alikuwa kitwitwi! Nikainua darubini, nikaona majani matupu. Mzee akaniambia kosa langu: nilikuwa nikishusha macho kuitazama darubini kwanza. Macho yasibanduke kwa ndege, darubini ndiyo iletwe machoni. Jaribio la tatu nikampata, hadi miguu yake nikaiona.

Toka bwawani njia huingia bonde la William Clough. Huku juu hakuna miti, ni nyasi na vichaka vigumu vya magotini, na chini yake mboji nyeusi inayonyonya maji kama sponji. Raba si viatu vya huko. Nilikanyaga mahali palipoonekana pakavu, mguu ukazama hadi gotini. Dada alitoa mifuko miwili ya plastiki iliyofungiwa mahamri, nikabadili soksi, nikavaa mifuko juu yake, kisha raba. Nilitembea nikitoa sauti kama ya mtu anayekunja magazeti, lakini miguu ilipata joto.

Ndege mmoja wa rangi ya kahawia, mfano wa kwale, akaruka miguuni petu akipiga kelele. Waingereza husema anamwambia mtu "rudi, rudi, rudi". "Hata ndege wa huku wanatufukuza!" dada akasema.

Ndipo nikasikia sauti. Ilianza chini, polepole, ikapanda, ikaharakisha, mwisho ikabubujika kama birika linalochemka. Nikatazama juu: anaelea kwa mabawa yaliyotandazwa, na ule mdomo. Sululu! Tanga hupiga mluzi mfupi ukimshtua, basi. Sikujua kama anaimba. Mzee akasema huja nyanda hizi kutaga, kiota chake ni nyasi tu chini, kwa hiyo tusiache njia. Na akizunguka juu yetu akilia, tusisimame, tupite.

Nikamwambia kwa fahari kwamba huyu ni wa kwetu. Akatikisa kichwa. Sululu wa Uingereza majira ya baridi huteremkia pwani za karibu. Wanaofika Afrika Mashariki hutoka Urusi huko.

"Basi ni binamu," Yaya akanifariji.

Kabla hatujamaliza kupanda, kekeo akaita ng'ambo ya bonde: ku-ku, ku-ku. Mzee akamgeukia Yaya. Tangu 2011 watafiti wamekuwa wakiwafunga kekeo wa Uingereza vifaa vidogo vya setilaiti, na wamekuta kwamba miezi ya baridi hukaa kwenye misitu ya Kongo. Yaya akavua kofia. "Huyu ni wangu," akasema, akatoa simu akaanza kurekodi.

Mahamri tuliyala kwenye maporomoko ya Kinder Downfall, ambako upepo wa magharibi huyarusha maji juu badala ya kuanguka. Yalilowa yote. Tuliyala hivyo hivyo.

Kwenye basi la kurudi Yaya alimpigia mama yake Bukavu, akamwekea rekodi.

"Mama, unamusikia?"

Kimya kidogo. "Ile si saa ya ku ukuta?"