Nilivyoachana na kubahatisha kwenye milinganyo ya vipeo

Ushauri ulionikera kuliko wote ni huu: "Fanya vizio vifanane, umemaliza." Niliusikia tuisheni, nikausikia tena kwa waliosoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) kabla yangu. Kizio ni ile namba ya chini inayobeba kipeo, kama 2 kwenye 2ˣ. Kwa 2ˣ = 32 unafaa, maana 32 ni 2⁵. Haya, 2ˣ = 20 je? Hapo unaambiwa ubahatishe: 4 inaleta 16, 5 inaleta 32, basi jibu liko katikati. Katikati wapi?

Niliporudia hesabu za kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, nilinunua kikokotoo cha mtumba Kariakoo, elfu kumi na kitu hivi, chenye kitufe cha ln. Hii ni logi asilia, kizio chake ni e, yaani 2.718 na desimali zisizoisha. Uzuri wake ni kwamba inakishusha kipeo kiwe kizidisho: ln 2ˣ ni x ln 2. Kwa hiyo x = ln 20 ÷ ln 2, takriban 4.32. Logi ya kizio 10, ile ya kwenye majedwali, inaleta jibu hilohilo. Ila e ikiwemo kwenye swali mimi sihangaiki na nyingine, kwa sababu ln e ni 1.

Swali ninalojivunia ni 3ˣ⁺¹ = 5²ˣ⁻¹. Vizio havifanani wala havitafanana. Nikaweka ln pande zote:

(x + 1) ln 3 = (2x − 1) ln 5

Kikokotoo nikakiweka mbali kabisa, na hapo ndipo penye siri. Ukiwahi kubonyeza na kuandika 1.1 na 1.6, utapata x = 1.29, na umeshakosa. Mimi niliziacha ln 3 na ln 5 zikae kama herufi, nikafungua mabano, nikakusanya zenye x upande mmoja:

ln 3 + ln 5 = x(2 ln 5 − ln 3)

Kushoto ni ln 15, na ndani ya mabano ni ln (25/3). Sasa ndiyo nikabonyeza, mara moja tu: x = 1.277. Nikairudisha kwenye swali, pande zote mbili zikatoa kama 12.2. Nilifurahi mno!

Kuna na wale wanaosema "piga ln kila neno." Wakikuta e²ˣ − eˣ − 6 = 0 wanaharibu, kwani ln ya jumla si jumla ya ln. Hapo ln inasubiri. Weka y = eˣ, upate y² − y − 6 = 0, na y ni 3 au −2. Kwa 3, x = ln 3, karibu 1.10. Ile −2 siipiti kimyakimya. Naandika kwamba eˣ haiwi hasi kwa x yoyote halisi, ndipo naikata.