Kompyuta ya sebuleni isiyo na kelele

Wana Moshi wenzangu, kile kikompyuta cha kutazamia video kwenye TV ya sebuleni kimekamilika. Prosesa ni Intel N100, iliyopangiwa wati 6 tu, kwa hiyo feni haina kazi: bamba la alumini linatosha kuipoza. Hifadhi ni SSD, yaani ndani hakuna kinachozunguka. Kimya kabisa! Na kwa vumbi letu la Pasua wakati wa kiangazi, kukosa feni ni nafuu kubwa.

Nimeweka LibreELEC, mfumo endeshi mwepesi wa bure wa Linux unaowaka moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuchezea video (wakongwe mtaikumbuka kwa jina la XBMC, kabla ya 2014). Video zilizobanwa kwa mifumo ya HEVC na AV1 chipu yenyewe inazifungua, 4K haikwami.

Kazi ilikuwa kwenye rimoti. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hupokea amri za rimoti ya TV kupitia waya wa HDMI, lakini kompyuta nyingi za Intel haziwezi. Nikaweka programu ya kuifanya simu iwe rimoti. Mama akagoma, anataka vitufe vya kubonyeza! Nimemtafutia rimoti ndogo ya USB, sasa hata simwoni tena jikoni jioni.

Anayemjua fundi wa kuchonga kasha la mninga lenye matundu ya hewa, naomba anielekeze.