Matumbawe juu ya mawingu

Rifugio Locatelli (nyumba ya wageni mlimani), Agosti, saa tatu usiku

Miguu inaniuma lakini sitaki kulala kabla sijaandika. Leo nimezitazama Tre Cime di Lavaredo, vile vilele vitatu vya milima ya Dolomiti, kaskazini mwa Italia.

Asubuhi basi lilitupandisha hadi Rifugio Auronzo, mita 2,320 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo njia ni pana, hata watoto walikuwa wakinipita mbio. Vilele vyenyewe huvioni vizuri, maana uko chini yake kabisa. Cha kati, Cima Grande, kina mita 2,999. Nilipofika kwenye upenyo wa Forcella Lavaredo ndipo kuta za kaskazini zikajitokeza zote kwa pamoja, zimesimama wima, hazina hata kichaka cha kumpunguzia mtu hofu. Nikakaa chini.

Pale nilipokaa niliokota jiwe. Jeupe la kijivujivu, kavu, linaparuza kiganja. Mimi ni mtoto wa mwashi wa Mji Mkongwe, Unguja. Nimekua nikimpokeza baba mawe ya matumbawe, na mkono wangu unalijua jiwe la bahari. Hili ni la bahari. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita hapa palikuwa na maji ya joto, ya kina kifupi, na mwani, sponji wa baharini na matumbawe vikajenga miamba tabaka juu ya tabaka. Baadaye Afrika na Ulaya zikasukumana, na sakafu ile ya bahari ikanyanyuka mpaka huku kwenye theluji. Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani. Kuyashika ni jambo jingine kabisa.

Nikalirudisha pale pale. Eneo hili ni Urithi wa Dunia tangu 2009, na lingestahili heshima hata bila cheo hicho.

Mbele kidogo uko Monte Paterno, umetobolewa mahandaki. Wanajeshi wa Italia na wa Austria walipigania vilele hivi katika Vita Kuu ya Kwanza. Nilichungulia tundu moja: giza, maji yakidondoka, baridi ya kisima. Na huu ni mwezi wa Agosti. Niliwaombea wote, wa pande zote mbili.

Chakula cha jioni kilikuwa canederli, madonge ya mkate uliolala yaliyokandwa kwa maziwa, mayai na jibini. Niliomba yasiyo na nyama ya nguruwe na nikapewa bila maswali.

Kisha jua likashuka. Wenyeji wanaosema Kiladini wana neno lao la saa hiyo, enrosadira: mawe kugeuka rangi ya waridi. Kwanza kuta zilikuwa za manjano kama embe bivu, halafu nyekundu, halafu zambarau ikapanda kutoka chini. Ukumbi mzima tulitoka nje na hakuna aliyesema kitu.

Nilimtumia baba picha ya jiwe. Mtandao ulipopatikana, sauti yake ikaingia: "Mwanangu, hilo ukilitia tanurini linatoa chokaa?"

Nimemjibu kwamba linatoa, ila lina madini ya magnesi ndani yake, na ndiyo maana Mfaransa Déodat de Dolomieu aliandika habari zake mwaka 1791, alipoona halichemki upesi likimwagiwa asidi kama mawe mengine ya chokaa. Sasa anataka kujua linachomwa kwa kuni gani.